Nani ana haki ya kuamua kuhusu mahindi ya GMO?

Swali: Mimi ni mkulima wa mahindi katika kaunti ya Trans Nzoia. Hivi majuzi tuliitwa kwenye mkutano wa kutoa maoni kuhusu mahindi ya GMO, yaani yaliyobadilishwa vinasaba. Niliuliza ni nani atakayebeba hasara ikiwa chavua ya mahindi hayo itaingia shambani mwangu, na mbegu ninazohifadhi zitakuwa za nani baada ya hapo. Mtaalamu aliyekuwa mbele alinijibu kwamba swali hilo si la kisayansi, na kwamba hofu zetu zitaisha tukielimishwa. Nikaketi. Je, mtu aliyeishia darasa la nane ana nafasi gani ya kweli katika uamuzi kuhusu teknolojia ambayo hata wasomi wanabishania? Au tuwaachie wao?

Jibu: Ndugu mkulima, aliyekujibu alisema kweli kwamba swali lako si la kisayansi, lakini alilichukulia jambo hilo kuwa sababu ya kukuketisha, na hapo ndipo ninapotofautiana naye kabisa. Mkutano wa maoni huitishwa hasa kwa ajili ya maswali ambayo sayansi peke yake haiwezi kuyajibu. Kama kila kilichobaki kingekuwa cha kupimwa maabara, hakungekuwa na haja ya kukutoa shambani siku ya kazi.

Nitayatenga maswali hayo kwa kutumia mahindi yenyewe. Mahindi yanayojadiliwa zaidi nchini ni ya Bt, yaani yamepachikwa jeni kutoka kwa bakteria wa udongoni aitwaye Bacillus thuringiensis, ili mmea wenyewe utengeneze protini inayomuua bungua, yule kiwavi anayetoboa bua na kuacha moyo wa mhindi ukinyauka. Kiwavi anapotafuna jani, protini hiyo hunasa kwenye utando wa utumbo wake, utumbo hutoboka, naye huacha kula na kufa. Utumbo wa binadamu hauna mahali ambapo protini hiyo inaweza kunasa kwa namna hiyo. Haya ni mambo ya kupimwa, nayo yamepimwa kwa muda mrefu. Afrika Kusini imekuwa ikilima mahindi ya Bt tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na ripoti kubwa ya vyuo vya kitaifa vya sayansi vya Marekani iliyotolewa mwaka 2016, baada ya kupitia mamia ya tafiti, haikupata ushahidi kwamba vyakula vya GMO vilivyokuwa sokoni vina hatari kubwa zaidi kwa afya ya mlaji kuliko vyakula vya mazao ya kawaida. Katika jambo hilo ningekuomba umsikilize mtaalamu kwa makini, kwa maana hata ukumbi mzima ukinyosha mikono kwamba protini hiyo inaua watu, wingi wa mikono hautabadilisha kinachotokea tumboni.

Swali lako lilikuwa la aina nyingine. Sayansi inaweza kukueleza kwamba chavua nyingi ya mahindi huanguka ndani ya makumi ya mita kutoka kwenye mmea, na kwamba upepo huweza kupeleka kiasi kidogo mbali zaidi. Haiwezi kukueleza ni nani alipe ikiwa kiasi hicho kidogo kitamharibia soko mkulima aliyemwahidi mnunuzi mahindi yasiyo ya GMO. Haiwezi kusema mwenye hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) adai nini kwa jirani aliyepata jeni hiyo bila kuitaka, wala kwa nini fedha za utafiti ziende kwenye mbegu hii badala ya kwenye huduma za ugani au maghala ya kuzuia sumukuvu. Hayo ni masuala ya haki, ya sheria na ya mgawanyo wa gharama, na ndani yake mwenye shahada tatu hana sauti nzito kuliko yako. Niongeze jambo moja ambalo bila shaka unalijua vizuri: ikiwa unapanda chotara kama H614, mbegu unayoirudia msimu wa pili hushuka mavuno hata bila GMO, kwa hiyo suala la umiliki linamgusa zaidi jirani anayetunza mbegu ya kienyeji mwaka baada ya mwaka. Yeye naye alikuwa ukumbini? Nani alimwita?

Sasa tazama jinsi taifa letu lilivyoamua mambo haya. Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kutia saini Itifaki ya Cartagena kuhusu usalama wa viumbe vilivyobadilishwa vinasaba, hapa hapa Nairobi, Mei 2000, na kifungu cha 23 cha itifaki hiyo kinazitaka serikali zishauriane na umma zinapofanya uamuzi na kuufahamisha umma matokeo yake. Bunge likapitisha sheria ya usalama wa kibayolojia mwaka 2009, ambayo iliunda mamlaka ya taifa ya kusimamia usalama huo, tunayoijua kwa herufi NBA. Katiba ya 2010 ikaweka ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa katika kifungu cha 10. Kwa upande wa maandishi, basi, hatukupungukiwa.

Septemba 2012 Gilles-Éric Séralini wa Ufaransa na wenzake walichapisha utafiti wa panya 200 uliodai kwamba mahindi fulani ya GMO yanachangia uvimbe na vifo vya mapema, na picha za panya wenye uvimbe mkubwa zikazunguka dunia nzima. Novemba mwaka huo huo Baraza la Mawaziri la Kenya likapiga marufuku uagizaji wa vyakula vya GMO. Utafiti ule ulikuwa na panya kumi tu katika kila kundi, tena wa ukoo ambao huota uvimbe kwa wingi uzeeni hata wakila chakula cha kawaida, na mwaka mmoja baadaye jarida lililouchapisha likauondoa, ingawa waandishi wake waliuchapisha tena kwingine mwaka 2014. Marufuku iliendelea kwa karibu miaka kumi. Kisha Oktoba 3, 2022, wiki chache baada ya serikali mpya kuapishwa na huku ukame uliotajwa kuwa mbaya kuliko wowote katika miaka 40 ukiwamaliza mifugo kaskazini, Baraza la Mawaziri likaiondoa.

Wanaopinga GMO huusifu uamuzi wa 2012 na kuulaani wa 2022, na wanaozitetea hufanya kinyume chake. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuchunguza jinsi sera za sayansi zinavyotungwa, naona uamuzi wa namna moja uliofanywa mara mbili. Mara zote mbili ni watu wachache waliokaa faraghani, wakisukumwa na habari kubwa ya majuma hayo, wakatangaza jambo la kugusa kila sufuria ya ugali nchini, na mkulima akalisikia redioni kama msikilizaji mwingine yeyote. Uamuzi uliopatikana kwa njia hiyo unaweza kuwa sahihi au usiwe sahihi kwa upande wa sayansi, lakini hauna mizizi, na serikali inayofuata au jaji yeyote anaweza kuung'oa. Ndivyo ilivyokuwa. Oktoba 2023 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilitupilia mbali ombi moja la kupinga kuondolewa kwa marufuku, Novemba 2024 Mahakama Kuu ikatupilia mbali jingine lililoletwa na chama cha wakulima wadogo, na Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikatoa amri ya kusitisha uagizaji na upandaji hadi rufaa isikilizwe. Katika miaka yote hiyo mtafiti wa KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, hakujua kama mbegu aliyoihangaikia itafika shambani, nawe hukujua kama itafika kwa jirani yako.

Kuna hukumu moja ambayo ningependa kila mwenyekiti wa mkutano wa maoni aisome kabla ya kushika kipaza sauti. Mwaka 2019, katika kesi ya kampuni ya British American Tobacco Kenya kuhusu kanuni za udhibiti wa tumbaku, Mahakama ya Juu ilieleza ushirikishwaji wa umma unapaswa kuwaje. Ilisema uwe wa kweli, usiwe wa kujionyesha. Ilitaka mada iwe wazi, utaratibu uwe rahisi kueleweka, pande mbalimbali zipate nafasi ya kuathiri matokeo kwa usawa, na umma uelimishwe kwanza kuhusu jambo lenyewe kabla ya kuulizwa. Ilisema pia kwamba mchakato hauvunjiki kwa sababu tu mtu mmoja hakusikilizwa. Mambo haya yote lazima yashikwe pamoja. Huna haki ya kudai uamuzi ufuate maoni yako, lakini una haki ya kudai kwamba ulipofika ukumbini uamuzi ulikuwa bado unaweza kubadilika, na kwamba ulipewa maelezo ya kutosha siku za kutosha kabla ya siku yenyewe.

Mahakama ilitaka elimu itangulie ili watu wawe na uwezo wa kuchangia, na mtaalamu wenu aliahidi elimu ili watu waache kuuliza. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa kuwa dhana kwamba umma hupinga teknolojia mpya kwa sababu haujaielewa imekuwa ikiongoza mikutano ya aina hii kwa miaka mingi duniani, na kila ilipojaribiwa kwa uaminifu imeyumba. Mwaka 2003 serikali ya Uingereza iliendesha mjadala wa kitaifa kuhusu mazao ya GMO, wenye mikutano zaidi ya 600 na fomu za maoni zilizokaribia 37,000. Pembeni ya mikutano hiyo waliteuliwa watu wa kawaida 77 waliokutana mara mbili, na kati ya kikao na kikao walikuwa wakisoma na kudadisi mambo kwa hiari yao. Walipojua zaidi walikubali kwamba huenda kuna manufaa fulani, hasa katika tiba na kwa nchi maskini, lakini wasiwasi wao kuhusu hatari na kuhusu nia za makampuni na serikali ukawa mzito zaidi. Kumbuka watu hao walikuwa wametoka kwenye balaa la ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe. Mwaka 1990 waziri wao wa kilimo alimlisha binti yake baga mbele ya kamera kuwahakikishia kwamba nyama ni salama, na mwaka 1996 serikali hiyo hiyo ikakiri kwamba ugonjwa huo huenda umewafikia binadamu. Mtu aliyepitia hayo, anapouliza nani anasimamia na nani atawajibika, anauliza kwa sababu amejifunza.

Kuna upande mwingine ambao wataalamu wenzangu huusahau zaidi: mara nyingine mkulima anayo maarifa ambayo sayansi inayahitaji ili isikosee. Baada ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl kulipuka Aprili 1986, mvua iliangusha seziamu yenye mionzi kwenye vilima vya Cumbria, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ambako watu hufuga kondoo. Mwezi Juni serikali ilizuia uuzaji wa kondoo kwa wiki tatu, kwa sababu wanasayansi walitarajia seziamu ishikwe na udongo na mionzi katika nyama ipungue haraka. Matarajio hayo yalitokana na vipimo vya udongo wa mfinyanzi, ilhali udongo wa vilima vile ni mboji yenye tindikali, ambayo huiachia seziamu ipande kwenye nyasi, iliwe, irudi ardhini na mbolea, kisha ipande tena. Zuio la wiki tatu likageuka la miaka, na mashamba ya mwisho yalifunguliwa mwaka 2012. Katika harakati za kutafuta suluhisho, watafiti walinyunyiza madini ya kunyonya mionzi kwenye vipande vya ardhi na kuwafungia kondoo ndani ya nyua ili wawalinganishe. Wafugaji waliwaonya kwamba kondoo wa mlimani aliyezoea kuzurura hudhoofika akifungiwa, na kwamba vipimo hivyo havitakuwa na maana. Hawakusikilizwa, na majaribio yakaachwa baadaye kwa sababu ile ile waliyoitaja. Wazee wetu walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mwanasosholojia Brian Wynne, aliyewahoji wafugaji hao, alionyesha jinsi wataalamu walivyopoteza imani ya watu kwa kuzungumza kwa uhakika kuhusu ardhi wasiyoijua.

Jambo la namna hiyo linaweza kutokea kwenu, tena kwa bungua huyu huyu. Jamii ya bungua iitwayo Busseola fusca, ambayo ndiyo inayotawala maeneo ya miinuko kama Trans Nzoia, ilionekana Afrika Kusini ikistahimili mahindi ya Bt, na taarifa ya kwanza ilichapishwa mwaka 2007. Ili usugu usienee haraka, mkulima wa Bt hutakiwa kutenga sehemu ya shamba na kupanda mahindi ya kawaida, kwa mfano asilimia 20 ikiwa atainyunyizia dawa au asilimia 5 ikiwa hatainyunyizia, ili mabungua wasio sugu wazaliane humo na kupandana na wale sugu. Huko Afrika Kusini wengi hawakutenga sehemu hiyo ipasavyo, na hao walikuwa wakulima wakubwa wenye mashamba ya mamia ya hekta. Sasa fikiria mwenye ekari moja na nusu huko Kwanza au Cherangany, anayepanda na maharagwe katikati, ambaye mpaka wake na jirani ni mstari wa nyasi. Ataitenga wapi sehemu hiyo? Atakubali kuiacha iliwe ili mbegu ya msimu wa nne ijayo iendelee kufaa, wakati ada ya shule inadaiwa mwezi huu? Huenda kwa kuwa mashamba ni madogo na kila mmoja hupanda mbegu tofauti, sehemu hizo zitajitokeza zenyewe. Huenda mbegu moja ikapendwa hadi ikatawala kata nzima. Anayeweza kulijibu hilo ni nyinyi mnaojua watu wa kwenu hununuaje mbegu, huazimanaje, na hufanya nini mvua ikichelewa. Mkutano uliokuita uketi uelimishwe ulipoteza taarifa ambayo hakuna maabara ingeweza kuipata.

Burkina Faso ilijifunza kwa gharama kubwa. Ilianza kulima pamba ya Bt kibiashara mwaka 2008, wadudu wakapungua, wakulima wengi wakaipokea, na ndani ya miaka michache ikawa sehemu kubwa ya pamba ya nchi. Kisha kampuni za kununua pamba zikaona nyuzi zake ni fupi kuliko zile zilizoipatia pamba ya nchi hiyo jina sokoni, bei ikaathirika, na mwaka 2016 mpango ukasimamishwa. Jeni ilifanya kazi yake dhidi ya kiwavi. Urefu wa nyuzi ulikuwa suala la yule anayesimama kwenye mizani ya mnunuzi.

Kuhusu hasara, swali uliloambiwa si la kisayansi ndilo lililoamua hatima ya teknolojia hii kwa majirani zetu. Kanuni za Tanzania za mwaka 2009 zilimtwika mwenye teknolojia dhamana ya madhara yoyote bila kuhitaji kuthibitisha kwamba alizembea. Watafiti walilalamika kwamba hakuna atakayethubutu kufanya majaribio, kanuni zikalegezwa kwa ajili ya majaribio ya utafiti, na mwaka 2016 mahindi ya kwanza ya majaribio yakapandwa Makutupora, Dodoma. Mwaka 2018 wizara ya kilimo iliagiza majaribio hayo yasimamishwe na mabaki yake yateketezwe, baada ya matokeo yake kuonyeshwa hadharani kabla ya idhini. Nchini Uganda, Bunge lilipitisha mswada mwaka 2017, Rais Museveni akaurudisha, akitaka pamoja na mengine jamii zilizotunza mbegu za asili zisipokonywe haki zao. Bunge likaurekebisha mwaka 2018 na kuingiza dhamana ya hasara isiyohitaji uthibitisho wa uzembe, na huo nao haukutiwa saini. Unaweza kukubaliana na viongozi hao au kutokubaliana nao. Ninachotaka uone ni kwamba swali lako lilijadiliwa ikulu na bungeni katika nchi mbili, kwa hiyo halikustahili kuzimwa katika ukumbi wa kijijini.

Je, inawezekana kufanya vizuri zaidi? Inawezekana, na mfano ninaoupenda zaidi umetoka Afrika. Januari 2006, mjini Sikasso, katika eneo la pamba la kusini mwa Mali, wakulima 45, wanawake kwa wanaume, wakubwa kwa wadogo, walikaa siku kadhaa kama baraza la kusikiliza ushahidi kuhusu GMO na mustakabali wa kilimo chao. Walioitwa mbele yao walikuwa wanasayansi, watetezi na wapinzani, pamoja na wakulima kutoka nchi nyingine waliokuwa wamekwisha kuzilima mbegu hizo. Wakulima ndio walioketi na kuuliza, na wataalamu wakasimama kujibu, na vikao vilirushwa redioni. Mwishoni waliandika mapendekezo yao: walizikataa mbegu za GMO, lakini hawakuishia hapo, walidai utafiti ujikite katika kuboresha mbegu za kienyeji na mafunzo ya wakulima. Denmark ilikuwa imetumia utaratibu unaofanana na huo tangu 1987, ambapo raia wachache waliochaguliwa kutoka makundi mbalimbali walipewa wikendi mbili za kujiandaa, wakateua maswali wao wenyewe, wakawahoji wataalamu hadharani na kuikabidhi ripoti kwa wabunge. Ripoti ya mwaka ule wa kwanza ilichangia Bunge kuamua kutogharamia utafiti wa kubadilisha jeni za wanyama katika mpango wa taifa wa wakati huo. Mabaraza haya yana mipaka. Watu 45 si Mali nzima, na anayechagua mashahidi ana nguvu kubwa kuliko inavyoonekana. Hata hivyo linganisha na mkutano wa asubuhi moja ambapo mtaalamu huzungumza saa mbili na wananchi hupewa dakika kumi na tano za mwisho, chakula kikiwa tayari kinanukia nje.

Wala sitakudanganya kwamba kushirikisha watu vizuri kunaleta kibali. Mradi wa Target Malaria, unaotafiti mbu waliobadilishwa jeni, ulifanya kazi na wanakijiji wa Bana, Burkina Faso, kwa miaka mingi kabla ya kuachilia mbu dume tasa elfu kadhaa mwaka 2019. Mbu havuki mpaka kwa hati, kwa hiyo mtu mmoja hawezi kukataa kwa niaba yake peke yake kama anavyoweza kukataa sindano, na ndiyo sababu mradi ulilazimika kutafuta kibali cha jamii nzima. Kazi ile ilikuwa ya uangalifu kuliko nyingi ninazozijua. Pamoja na hayo, Agosti 2025 serikali ya kijeshi ya nchi hiyo iliusimamisha mradi wote. Makubaliano na kijiji hayakutosha pale mjadala wa kitaifa ulipokuwa umeegemea kwenye swali la nani anagharamia na kwa manufaa ya nani. Teknolojia ya aina hiyo inafanyiwa utafiti wa maabara Bagamoyo na Entebbe pia, na wakati wa kuanza mazungumzo mapana kuihusu ni sasa, mbu wakiwa bado ndani ya vizimba. Baada ya fedha kutumika, kampuni kusajiliwa na waziri kutangaza tarehe, mkutano wa maoni hubaki kuwa wa kuarifiwa tu.

Sasa nije kwa unachoweza kufanya wewe. Mkutano ujao ukitangazwa, muulize chifu au afisa wa kilimo hati za ombi linalojadiliwa, pamoja na muhtasari wa Kiswahili, siku kadhaa kabla. Ukiambiwa utazikuta ukumbini, andika hilo katika maoni yako, kwa sababu mahakama huangalia kama umma ulipewa maelezo mapema. Swali lako kuhusu hasara ligawe vipande vya kujibika: ni sheria gani itatumika, nani anapaswa kuthibitisha madhara, gharama ya kupima mahindi yaliyochanganyika italipwa na nani, na kuna mfuko au bima gani ya fidia. Uliza pia mpango wa kudhibiti usugu wa bungua kwa mwenye ekari moja ni upi, na nani ataufuatilia miaka mitano baadaye. Toa maoni yako kwa maandishi hata kama umekwisha kuyasema, yapigwe mhuri wa kupokelewa, na ubaki na nakala. Mkiwa kikundi au chama cha ushirika, andikeni pamoja na kutia saini.

Kisha dai jibu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 ya upatikanaji wa habari inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyeweza kuandika husema kwa mdomo na afisa analazimika kuliandika. Ofisi ina siku 21 za kukupa uamuzi. Omba ripoti ya mkutano ule uliohudhuria, orodha ya maoni yaliyotolewa, na maelezo ya jinsi kila hoja ilivyoshughulikiwa, ikiwamo yako. Ukinyimwa au ukinyamaziwa, lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo sheria hiyo imeipa jukumu la kusimamia utekelezaji wake. Ripoti ikikufikia na swali lako halimo, iambatanishe na nakala yako yenye mhuri na uipeleke kwa mwakilishi wadi wako, kwa mbunge wako na kwa NBA yenyewe, ambayo kisheria ndiyo inayopokea maombi ya kuachilia mbegu hizo mashambani na ndiyo itakayolazimika kueleza kwa nini ilikubali au ilikataa.